Kikaratasi cha Dumu la Dawa

Nyumba ya Geti Jeusi
6 Machi

Mpwa wangu Profesa,

Pokea salamu zenye udongo kwenye kucha. Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika, nao nimeuzoea kama mke mkorofi ambaye sikuwahi kumwoa. Nasikia dada jino linamsumbua. Mwambie aache kulichokonoa na kijiti, aende aling'oe. Mama yako tangu utotoni haogopi nyoka, anaogopa koleo la daktari.

Nimepata kazi ya bustani. Nyumba ina geti refu jeusi, na mwenye nyumba sisi tunamwita Mama Geti. Mlinzi wake alikuwa askari zamani, tunamwita Kamanda, na kwa kweli anaamrisha hata kuku wa jirani. Kutoka getini hadi barazani ni hatua sabini na mbili. Nimezihesabu. Kushoto kuna ua wa michongoma uliokatwa ovyo kama nywele za mtu aliyejinyoa mwenyewe. Kulia kuna bogenvilia ambayo imepanda mpaka kwenye paa kama mwizi. Katikati zilikuwa nyasi. Sasa ni ndago tupu. Unaijua ndago, yale majani membamba yanayong'aa: ukiyang'oa leo, keshokutwa yamesimama tena yanakutazama.

Mama Geti anataka uwanja wote uuliwe, uchimbwe, upandwe nyasi mpya, na ziwe kijani ifikapo Agosti wageni wake watakapokuja. Siku ya kuniajiri aliniuliza, "Dawa za magugu unazijua?" Nikajibu, "Mama, mimi na dawa ni pacha." Uongo mtupu. Kote nilikopita nimetumia jembe, reki na hii mikono.

Juzi ameleta dumu la lita tano. Kikaratasi chake kimejaa lugha ya kigeni, tena kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa. Yeye siwezi kumwuliza, atajua pacha wangu simfahamu. Nikamfuata aliyeuza, akasema, "Mzee, changanya na maji upige, maswali ya nini?" Basi nimelowesha kikaratasi, nikakibandua polepole, nikakianika juu ya toroli, nacho ni hiki hapa ndani ya bahasha. Nisomee. Wewe ndiye mtu pekee ambaye sioni haya kumwambia sijui.

Usiharakishe, masomo kwanza. Nikingoja nitanyoosha michongoma. Na habari za pacha usimwambie dada. Atasema nimeanza tena.

Ni mimi Mjomba wako.

*

Shuleni
2 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ilinifikia siku ya mvua, bahasha imelowa pembeni lakini kikaratasi kimepona. Samahani nimechelewa kujibu. Mama ameng'oa jino. Ameniandikia kwamba alimshika daktari mkono mpaka daktari ndiye aliyepiga kelele. Bati la jikoni limetoboka tena, ameweka sufuria chini yake. Mimi nimekuwa wa pili katika historia na wa thelathini na moja katika hesabu, tafadhali usiulize.

Nimekisoma kikaratasi kwa kamusi, siku nne, wakati wa mapumziko. Kinasema hivi. Bomba moja la mgongoni lijazwe maji, kisha vifuniko viwili vya dawa. Usipige mvua ikikaribia. Piga jua likiwa kali, majani yakiwa makavu. Watoto na mifugo wasikaribie. Vaa glavu.

Chini kabisa kuna mistari sita ya rangi nyekundu, midogo zaidi, yenye maneno ya kitaalamu ambayo kamusi ya shule haina. Nadhani ni mambo ya kiwanda tu. Hata hivyo nitamwuliza mwalimu wa kemia nikipata nafasi. Ana sauti ya kuitia watu walio ng'ambo ya uwanja, na muhula uliopita nilitamka neno moja vibaya mbele yake, mpaka leo darasa zima linaniita kwa neno hilo. Lakini nitamwuliza. Kikaratasi nimekihifadhi ndani ya daftari la historia, kisikunjike.

Nafurahi kwamba kuna mtu anayenihitaji kwa kusoma. Hapa watu wananihitaji kwa kuwaazima kalamu.

Mpwa wako akupendaye,
Profesa

*

Nyumba ya Geti Jeusi
25 Aprili

Profesa wangu,

Nimecheka habari ya daktari mpaka Kamanda akaja kuuliza kama nimepandwa na wazimu. Nikamsomea. Akasema mama yako angefaa jeshini. Mwambie dada bati lile alipige lami kwanza, msumari utalichana zaidi.

Vipimo vyako nimevifuata kama dua. Vifuniko viwili, jua kali. Profesa, ungeona! Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili ndago zikainamisha vichwa. Siku ya tatu uwanja wote ulikuwa wa kahawia, umekaangwa. Mama Geti alisimama barazani akasema, "Kumbe kweli unazijua dawa." Nikajibu, "Kidogo, mama," kwa unyenyekevu wa mtu mwongo.

Tatizo ni bomba. Maji ya kisima cha hapa yana mchanga, na kile kitundu cha mbele cha kunyunyizia kinaziba kila baada ya hatua kumi. Glavu nazivua, maana huwezi kukishika ukiwa nazo, nakifungua, nakitia mdomoni, napuliza mpaka kinazibuka. Ndivyo tulivyofanya siku zote kwa mabomba ya maji. Kamanda ananiita mpiga tarumbeta. "Mpiga tarumbeta, harusi ya nani leo?" Namjibu, "Ya mama mkwe wako." Ladha yake ni chungu, hukaa ulimini hadi jioni. Nasukutua kwa maji ya mpira, natema, naendelea.

Midomo imenipasuka kidogo, jua la huku halina adabu. Sasa natifua, kisha nitasawazisha kwa kamba na ubao. Sehemu ya nyuma, penye vijia vya mawe, nitaipiga dawa tena mara mbili tatu mwezi ujao.

Mwalimu umeshamwuliza? Hakuna haraka.

Mjomba, mpiga tarumbeta.

*

Shuleni
20 Mei

Shikamoo Mjomba,

Salamu kutoka bwenini ambako leo maji yamekatika na tumenawa uso kwa kikombe kimoja watu watatu. Mama hajambo. Ameacha kufungua genge siku za Jumatatu kwa sababu ya miguu, lakini hataki niseme, kwa hiyo sijasema. Bati amelipiga lami.

Barua yako niliwasomea wenzangu wawili, ile sehemu ya tarumbeta, nao walicheka hadi matroni akaja. Ilikuwa mara ya kwanza kuchekesha watu kwa makusudi. Asante.

Nimepata kitabu cha mimea maktabani na nimeitafuta ndago. Mjomba, chini ya ardhi ina viazi vidogo vilivyounganishwa kwa nyuzi, mamia, na kila kimoja kinaweza kuota peke yake. Dawa yako inachoma majani tu, viazi vinalala vikingoja. Kwa hiyo unapotifua, chekecha udongo uvitoe vyote, la sivyo itarudi kupitia nyasi mpya. Nimekuchorea mchoro upande wa pili.

Mwalimu wa kemia ana kazi nyingi siku hizi. Nitamwuliza.

Wako,
Profesa

*

Nyumba ya Geti Jeusi
14 Juni

Profesa,

Salamu kwako na kwa dada. Mchoro nimeuona, mzuri. Viazi nilivitoa ndoo mbili, nikachoka.

Nyasi mpya zimepandwa, vipande vipande, kimoja kila shibiri. Siku hizi nafanya kazi nikikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kamanda anavuta mpira wa maji badala yangu, huku akinitukana ili nisione kuwa ananisaidia. Nadhani ni vumbi la samadi limenikaa kifuani. Ngazi tatu za baraza napumzika mara mbili.

Samahani kwa mwandiko.

Kile kikaratasi bado unacho? Kuna mtu anakiuliza. Anasema akijua jina lililoandikwa juu kwa herufi kubwa itamsaidia. Dumu nimempelekea lakini halina kitu juu yake, nilishalibandua. Mama Geti hakumbuki jina, na duka lile limefungwa, aliyeuza amehama. Kirudishe, au andika jina tu. Si jambo kubwa.

Dada usimwambie. Miguu yake inamtosha. (Ndiyo, hukuniambia.)

Mjomba.

*

Shuleni
9 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani. Nianze na tarehe.

Barua yako ilifika hapa tarehe 20 Juni. Tulikuwa kwenye mitihani, na mwalimu wa zamu huzifungia barua kwenye droo mpaka mitihani iishe, ili tusisumbuliwe na mawazo. Imekaa humo siku kumi na tisa. Nimepewa leo asubuhi. Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya uji, nikatoka kwenye foleni.

Nilikwenda ofisini kwa mwalimu wa kemia bila kubisha hodi. Alikuwa anasahihisha. Akasema, "Binti, mlango huo una mdomo, ungeuuliza kwanza." Nikamwekea kikaratasi mezani. Alikitazama, akavaa miwani, akafika kwenye mistari myekundu. Ile sauti yake yote ikapungua.

"Nani anatumia hii?"

"Mjomba wangu. Anatunza bustani."

"Ameinywa?"

"Hapana. Anapuliza. Bomba likiziba analipuliza kwa mdomo."

Akavua miwani. "Umekaa nacho tangu lini?"

"Tangu Machi."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Mistari myekundu inasema hivi, nimeandika kama alivyonitafsiria. Usizibue bomba kwa mdomo kamwe. Kiasi kidogo sana kikiingia mdomoni hushuka mwilini na kuharibu mapafu taratibu, hata kama mwanzoni huoni dalili. Ikitokea, acha kazi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na uchukue kikaratasi hiki umwoneshe daktari.

Kikaratasi ni hiki. Jina nimeliandika pia kwa wino mweusi upande wa nyuma, herufi kubwa.

Mwalimu amepiga ile namba uliyonipa mwaka jana, haipatikani. Akaniuliza, "Mama yako ana simu?" Nikasema hana. Anayo. Wewe ulisema nisimwambie, na mimi nilikuwa nimeshika neno lako kwa sababu lilikuwa kitu pekee nilichoweza kushika. Mwalimu mwenyewe anaipeleka barua hii posta sasa hivi.

Yule mtu anayeuliza ni daktari, sivyo?

Profesa

*

Hospitali, wodi ya kifua
30 Julai

Profesa,

Mwandiko ni wa Kamanda, maneno ni yangu. Anaandika kama anayejaza kitabu cha wageni getini, vumilia.

Pokea salamu. Nimelala karibu na dirisha. Chini kuna uwanja wa nyasi wanaoukata vibaya sana, wanakata chini mno, jua litaziunguza. Nimemwambia muuguzi. Akasema, "Baba, wewe pumua, nyasi tuachie sisi."

Kikaratasi kimefika. Daktari alikisoma akiwa amesimama, akakikunja, akakitia mfukoni mwa koti. Nikamuuliza kama kimesaidia. Akasema kimesaidia kujua. Alisema angependa kukipata mapema kidogo. Kidogo tu, alisema hivyo. Wewe usihesabu siku. Najua unahesabu, acha.

Mama Geti ameniletea maua aliyoyachuma kwenye bogenvilia yangu, amekata mahali pasipofaa. Wageni wake wanakuja wiki ijayo. Nyasi zimeshikana, Kamanda anasema zimekuwa zulia, ila pembeni ya kijia kuna majani membamba matano yanayong'aa. Nimemwambia ayachimbe.

Dada bado hajui. Acha iwe hivyo mpaka nipate nguvu.

Mjomba.

(Binti, hapa ni mimi Kamanda, yeye amelala. Siku nane hajatembea. Mwambie mama yako aje. Asingoje. Mimi ndiye niliyekuwa namwita mpiga tarumbeta.)

*

Shuleni
18 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Tangu nirudi shuleni tumekula maharagwe siku kumi mfululizo, na mvua imebomoa ukuta wa bafu. Natumaini kiti cha uvivu kinakufaa pale mlangoni na upepo unakufikia.

Najua huwezi tena kushika karatasi muda mrefu. Mama atakusomea. Kwa hiyo haya nayaandika kwenu wote wawili. Mama, ukifika hapa, tafadhali keti kwanza. Na usiruke mstari.

Mama, ulipokwenda kumchukua Mjomba kule hospitali, uliniuliza kwenye simu ya mwalimu, "Ameumwa lini?" nikasema sijui. Nilijua tangu Julai. Mwalimu aliwahi kuniuliza kama una simu nikasema huna. Barua ya Kamanda ndiyo iliyonifungua mdomo. Kama si yeye, labda ningekuwa bado nimenyamaza.

Mjomba, likizo nzima nilikaa karibu na kiti chako. Nilikusomea vitabu vinne. Nilikuwa nikisoma kwa haraka, bila kuacha nafasi kati ya kurasa, nawe ulidhani nafurahia hadithi. Nilikuwa naogopa ukimya, kwa sababu ningelazimika kusema hili.

Nilikuambia mwalimu ana kazi nyingi. Si kweli. Tangu Aprili alikuwa anakaa maktabani kila siku baada ya chakula cha mchana, meza ya pili kutoka yangu. Nilikuwa nasikia anavyotafuna karanga. Kikaratasi kilikuwa ndani ya daftari langu, chini ya kiwiko changu. Mara moja nilisimama, nikafika mezani kwake, akainua uso, nikamwomba kifutio.

Sikuwa na shughuli, sikusahau. Nilikuwa naogopa ajue kwamba sijui. Wewe uliniita Profesa, na mimi sikutaka kuonekana sijui hata na mtu asiyenijua. Nikaandika "nadhani ni mambo ya kiwanda". Sikuwa nadhani hivyo. Kitu kikiandikwa kwa rangi nyekundu, hata mtoto wa chekechea anajua.

Na ulipoandika kwamba unapuliza, nilikuwa na barua yako mkono mmoja na daftari mkono mwingine, nikacheka, nikawasomea watu.

Nimemwandikia Kamanda. Dumu lile bado lipo stoo, limebaki nusu, na mtunza bustani mpya ameanza kazi. Nimemtumia karatasi kubwa yenye mistari yote, hata ile sita, kwa Kiswahili, kwa wino mwekundu, aibandike kwenye dumu.

Sikuombi unijibu. Mwalimu wa kemia anasema nimpelekee swali moja kila siku, lolote. Leo nimemwuliza kama mapafu huota upya. Aliweka karanga zake chini, akajibu, nami nimelisikia jibu lake.

Nakupenda Mjomba. Nakupenda Mama.

Profesa (kama bado naruhusiwa)

*

Nyumbani
2 Oktoba

Profesa, naandika mwenyewe, kidogo kidogo. Kalamu ina uzito wa reki. Dada amesoma. Hakuruka.

3 Oktoba

Alipomaliza alitoka nje akafagia uwanja, nao ulikuwa umeshafagiwa. Akarudi, akanipa maji. Akasema, "Wote wawili waongo, tena waongo wa ukoo mmoja." Akacheka. Halafu hakuwa anacheka tena.

5 Oktoba

Aliyepuliza ni mimi. Ningeweza kumwuliza Mama Geti. Hatua sabini na mbili tu. Sikuzitembea. Nawe ulikuwa meza ya pili. Tumefanana.

8 Oktoba

Kamanda ameandika. Karatasi yako ameibandika. Mtunza bustani mpya aliisoma mara mbili, akavua bomba mgongoni, akaomba jembe. Ndago imejaa kwenye zulia lote, imetoka kila mahali. Wageni walikuja, wakaondoka, hawakuona.

9 Oktoba

Shule inafunga lini? Niandikie leo. Usingoje kumwuliza mtu.